Thieta ya Muziki kama Fani ya Pili Chuo Kikuu: Maswali Ninayoulizwa Barazani, Bagamoyo

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, barazani kwetu hapakosi wageni. Mmoja kachaguliwa Sheria, mwingine Biashara, wa tatu anangoja jibu la ufadhili wa nje. Wote wana swali moja, na wote huliuliza kwa sauti ya chini wakiangalia mlangoni kama kuna mzazi anayesikia: "Naweza kusoma na mambo ya jukwaani pembeni?" Mwaka huu nimechoka kurudia, nimeona niyaandike. Mimi fani yangu kuu ilikuwa Lugha. Thieta ya muziki niliisoma kama fani ya pili, nje ya nchi. Leo nafundisha Kiswahili mchana, na jioni nawafundisha vijana kuimba.

Thieta ya muziki ni nini hasa? Si ndiyo maigizo yenye nyimbo?

Karibu, lakini siyo. Waliokuwa wakubwa miaka ya 1990 wanakumbuka maonyesho ya vikundi vya Muungano, Mandela na TOT. Kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, kichekesho, sarakasi, mchezo wa kuigiza, na mwisho taarab mpaka usiku wa manane. Ilikuwa burudani tele, ila vitu vyenyewe vilipangwa mstari kama sahani mezani. Ukiondoa sarakasi, kichekesho hakidhuriki.

Kwenye thieta ya muziki, ukiondoa wimbo hadithi inakatika. Mhusika anazungumza, mazungumzo yanamzidi, anaanza kuimba, na akimaliza si yule aliyeanza. Chukulia binti wa mvuvi wa hapa kwetu anayelazimishwa kuolewa. Ubeti wa kwanza anaimba kama aliyekubali. Wa pili anamkumbuka shangazi yake yaliyomkuta. Wa tatu keshafunga mzigo wake, anaulizia basi la Dar linaondoka saa ngapi. Hakuna aliyetuambia kaamua kukimbia, tumeuona uamuzi ukizaliwa ndani ya wimbo. Hicho ndicho kipimo ninachowapa vijana wangu: baada ya wimbo, kimebadilika nini? Kama hakuna kilichobadilika, hilo ni tamasha tu, nalo si baya, lakini ni kitu kingine.

Basi ni kitu cha Wamarekani, sisi tunaiga tu?

Umbo linalouzwa kwa jina hilo lilikomaa New York, na wengi huuhesabu mwaka 1943, watunzi Rodgers na Hammerstein walipotoa mchezo wa Oklahoma!, kuwa ndipo wimbo, dansi na hadithi vilipofungwa fundo moja. Lakini mwaka uliofuata tu, 1944, huko Lagos, Hubert Ogunde, aliyekuwa askari polisi, alitoa mchezo wake wa kwanza wa nyimbo kupitia kanisa, akaja kuwa baba wa thieta ya Kiyoruba. Mwaka 1959 Johannesburg ilikuwa na King Kong, mchezo wa muziki juu ya maisha ya bondia, akiimba ndani yake Miriam Makeba. Na Sarafina! ya Mbongeni Ngema, ile ya wanafunzi wa Soweto ambayo wengi wenu mmeiona kama filamu, ilianzia jukwaani Johannesburg mwaka 1987 kabla ya kuvuka bahari kwenda Broadway, kwenye kumbi kubwa za thieta za New York.

Tena usiende mbali hivyo. Bibi yako alipokutambia ngano, ilifika mahali ndege akaimba juu ya mti, nanyi mkaitikia, na wimbo ule ndio uliofichua siri ya nani aliyemuua nani. Ukiruka wimbo, ngano haiendi. Kina Penina Muhando na Amandina Lihamba pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliliona hilo mapema, wakaipandisha hadithi ya kwetu jukwaani pamoja na nyimbo zake. Kwa hiyo kuiga kupo, sikatai, ila usiingie darasani ukidhani umekwenda mikono mitupu.

"Fani ya pili" maana yake nini?

Ni fungu la kozi unazosoma nje ya fani yako kuu, zikitosha zinaandikwa kwenye matokeo yako. Marekani shahada ya kwanza huwa na krediti kama 120, na fani ya pili huchukua kati ya 15 na 24, yaani kozi tano hadi nane hivi. Australia mara nyingi ni kozi nne hadi sita. Shahada inabaki ya fani kuu. Hutaitwa msanii kwa cheti hicho, utaitwa mhasibu aliyesoma na thieta.

Angalizo kwa wanaolinganisha vyuo kwa kutazama namba. Krediti za huko na za kwetu si kitu kimoja. Kwa mizani ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu inataka zisizopungua 360. Kwa hiyo 120 ya Marekani ni shahada nzima, na 120 ya kwetu ni mwaka mmoja. Kijana mmoja alikuja hapa kafura, anasema chuo cha nje kinamdanganya kwa kumpa "theluthi ya shahada". Tulicheka, tukanywa kahawa, akaenda zake ametulia.

Vyuo vya hapa Tanzania vinayo?

Kwa maana hiyo ya Marekani, vingi havina. Kwetu kuna kozi za lazima na kozi za hiari, na kuna shahada za ualimu zenye masomo mawili ya kufundishia. Ujanja uko kwenye za hiari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na muziki kinao pia. Dodoma wanafundisha thieta. Makumira, kule Usa River mkoani Arusha, wana shahada ya muziki. Ukiwa kwenye mojawapo ya vyuo hivi unasoma kitu kingine, nenda idarani mapema, wiki ile ya kwanza ya usajili, uulize kozi zipi za thieta na muziki ziko wazi kwa wanafunzi wa nje ya idara. Usimwulize mwanafunzi mwenzako. Muulize mratibu wa shahada yako kwanza kama zitahesabiwa, kisha mwalimu wa kozi kama atakupokea. Ukianza na wa pili utapokelewa, utasoma muhula mzima, halafu utaambiwa haziingii kwenye shahada yako.

TaSUBa je? Si iko hapa hapa?

Iko, ukitembea ufukweni unasikia ngoma zao kabla hujayaona majengo. Lakini elewa ni kitu gani. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma na sarakasi kuvunjwa, na wengi wa walimu wake wa mwanzo walitoka kwenye vikundi hivyo. Mwaka 2007 ikawa wakala wa serikali. Inatoa astashahada na stashahada, haitoi shahada. Kwa hiyo hutaisoma kama fani ya pili ya chuo kikuu.

Kwa upande mwingine, kama unataka jukwaa likutoe jasho, hakuna mahali pa kupita pale. Pale ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, taa na sauti vinafundishwa na watu wanaovifanya. Hukwe Zawose, mwanamuziki mwenye ilimba na zeze, ambaye sauti yake ilisikika mpaka Ulaya, aliishi na kufundisha mji huu mpaka alipofariki mwaka 2003. Ukumbi wao wa zamani uliungua 2002 na tamasha la Bagamoyo halikufa. Njia ambayo nimeona ikifaa ni stashahada kwanza, chuo kikuu baadaye. Au kinyume chake: soma Sheria yako, lakini tamasha la Bagamoyo likifika usikose hata siku moja, uende na daftari.

Nitafundishwa nini darasani?

Mambo manne: sauti, uigizaji, mwili, na kusoma muziki. Vyuo vikubwa huongeza historia ya thieta na kozi moja ya kushiriki mchezo wenyewe, ambayo ndiyo tamu kuliko zote na ndiyo inayokula muda.

Somo langu la kwanza la sauti sikuimba hata neno moja. Mwalimu alinilaza chali sakafuni, akaniwekea kitabu kinene tumboni, akasema nipumue mpaka kitabu kiinuke, mabega yasitikisike. Dakika ishirini nzima. Mimi niliyekuwa nimeimba harusi nusu ya Magomeni yetu, nimelazwa kama maiti na kitabu tumboni! Wiki ya tatu ndipo nilipoelewa. Nilikuwa navuta pumzi juu juu, kifuani, ndiyo maana kila mwisho wa mstari sauti yangu ilikuwa inakauka. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinaposhuka, mapafu yanapata nafasi chini, na wimbo unapata mkia. Siku hizi na mimi nawalaza vijana chali, juu ya mkeka, na badala ya kitabu natumia mfuko wa mchele wa nusu kilo.

Uigizaji wa thieta ya muziki nao una kitendawili chake: unatakiwa ueleweke unachotaka kabla hujafungua mdomo. Tunaimba wimbo kwanza kama mazungumzo, bila sauti ya muziki, ukimwambia mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Wengi hapo ndipo wanapogundua kwamba wamekuwa wakiimba maneno wasiyoyajua maana.

Kwenye mwili, watoto wa pwani tuna heri na shari. Heri ni kwamba kiuno na mabega vinajua kazi. Shari ni kuhesabu. Kwenye ngoma zetu mpigaji mkuu ndiye anayekuambia badilisha hatua, ngoma inaita na mguu unajibu. Darasani mwalimu anahesabu mpaka nane, kisha anaanza tena moja, na hatua inabadilika kwenye "tano" bila chochote kukuita. Mchezaji mzuri kabisa wa hapa kwetu anaweza kuonekana mzito kwa wiki mbili za mwanzo. Msimcheke, anangoja ngoma iongee.

Sijui kusoma nota. Nimekwama?

Hujakwama. Kama umepita kwaya yoyote ya kanisa unajua do-re-mi za kuandika, na hiyo ni nusu ya safari, kwa sababu sikio lako linajua umbali kati ya sauti na sauti. Nota za mistari mitano ni namna nyingine ya kuandika kitu kilekile. Miezi miwili, nusu saa kwa siku, na mtu wa kukusahihisha.

Nimekulia madrasa, kwaya sijawahi kuigusa.

Umepiga dufu? Umesoma kaswida mbele ya watu? Bagamoyo hii ya maulidi, mtoto wa miaka tisa anasimama mbele ya umati, anashika ufunguo wake, anasikiliza wenzake, anajua lini aingie na lini anyamaze. Nimewaona waliotoka huko wakishika mdundo kuliko waliolipiwa masomo ya kinanda. Kinachokosekana ni kuimba sauti mbili tatu tofauti kwa pamoja. Kaswida nyingi huimbwa sauti moja, kwaya hugawana. Jizoeze kushika sauti ya pili huku mwenzako anaimba ya kwanza sikioni mwako. Mwezi wa kwanza utamfuata tu.

Kuna usaili?

Kwa fani kuu ya thieta ya muziki, vyuo vingi vya nje havikupokei bila usaili: nyimbo mbili, kipande cha kuigiza, dansi kidogo. Kwa fani ya pili, vingi vinakupokea bila hilo, lakini utausikia mlango mwingine ukibanwa baadaye, kwenye masomo ya sauti ya mtu mmoja mmoja au kwenye kugombea nafasi katika mchezo.

Hapo nina kisa changu. Usaili wangu wa kwanza, chuo sitakitaja, tangazo lilisema njoo na vipimo 16 vya wimbo. Mimi nikaona kwa nini niimbe cha watu? Nikachagua taarab, wimbo aliokuwa akiupenda mama, nikampa mpiga kinanda nota niliyoandikiwa na rafiki. Mpiga kinanda akaanza mwanzo wa nota, kama ilivyoandikwa. Ninyi mnajua taarab inavyoanza. Vinanda vinakaribishana, vinasalimiana, vinaulizana hali za watoto. Nimesimama katikati ya chumba nimekunja mikono, natabasamu. Dakika moja. Dakika ya pili ikaingia. Wale watatu mezani wakatazamana, mmoja akaangalia saa, akasema asante sana, anayefuata. Sikutoa sauti hata ya "ah".

Vipimo 16 ni nusu dakika au zaidi kidogo. Sasa nawafundisha: kata wimbo, weka alama ya kalamu nyekundu mahali pa kuanzia, mwambie mpiga kinanda akupe nota moja tu, kisha ingia. Na bado nasema taarab ni chaguo zuri. Ilihitaji mkasi.

Nitapata muda kweli?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo wasiloliuliza. Wanauliza ada. Ada ya fani hii ni jioni zako.

Kozi ya Historia unaweza kuisoma usiku peke yako na taa. Mazoezi huwezi kuyafanya peke yako, mnatakiwa muwepo wote, mahali pamoja, wakati mmoja, na wakati pekee ambao watu wote wako huru ni jioni. Mchezo wa kawaida wa chuo ni wiki sita hadi nane za mazoezi, siku nne au tano kwa wiki, saa tatu kila siku. Wiki ya mwisho, ile ya kujaribu taa na maleba, yaani mavazi ya jukwaani, utakaa ukumbini mpaka saa nne usiku. Na wiki hiyo, sijui ni nani aliyepanga dunia, huangukia kwenye mitihani ya katikati ya muhula.

Mwaka wa pili nilishika nafasi mbili kwenye mchezo mmoja, nikajiona simba. Nikafeli kozi ya isimu. Nilifika kwenye chumba cha mtihani bado nina wanja wa jukwaani machoni, nikasoma swali la kwanza mara tatu. Nikairudia kozi ile mwaka uliofuata, na muhula huo sikupanda jukwaani kabisa, nilikuwa nakaa nyuma nashona vifungo vya maleba. Tangu hapo kanuni yangu ni mchezo mmoja kwa mwaka, na ratiba ya mitihani iwekwe mezani kabla ya kusema ndiyo kwa mwongozaji. Mwongozaji mwenye akili hatakuchukia kwa hilo. Atakayekuchukia, mwache.

Na ada ya fedha?

Kozi za fani ya pili kwa kawaida zimo ndani ya ada ya shahada ilimradi hujavuka idadi ya krediti za muhula. Masomo ya sauti ya mtu mmoja mmoja ndiyo hulipiwa pembeni kwenye vyuo vingine, kwa hiyo uliza hilo peke yake. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unafuata shahada uliyodahiliwa. Usitegemee kwamba fani ya pili itakuongezea kitu.

Mzee anasema muziki ni uhuni. Nimwambieje?

Usimwambie, mpeleke. Mzazi wa kwanza aliyenifukuza nyumbani kwake kwa maneno makali leo ndiye anayetuletea viti vya plastiki siku ya onyesho. Kilichombadilisha ni kukaa dirishani jioni moja akisikiliza vijana wakirudia mstari mmoja mara thelathini, mwalimu hakubali, wao hawanung'uniki. Aliniambia, "Mwalimu, huyu nyumbani hasombi hata ndoo moja ya maji bila kugomba."

Ila na wewe mwanafunzi uwe mkweli. Kama unaficha matokeo mabaya nyuma ya "mazoezi", baba yako ana haki ya kuuliza.

Mwezi wa Ramadhani inakuwaje?

Panga na mwongozaji mapema, akiwa Mwafrika Mashariki atakuelewa, akiwa wa mbali utamweleza. Mchana tunafanya kazi kavu: kusoma maneno, kupanga hatua taratibu, kujadili wahusika. Kuimba kwa nguvu huwa baada ya futari, siyo mara tu baada yake, maana tumbo lililojaa mihogo ya nazi halishushi kiwambo. Saa moja baadaye. Mchana koo likikauka, mnong'ono si dawa, unachosha sauti kuliko kuzungumza kawaida. Nyamaza tu.

Mavazi?

Maleba yanazungumzika. Nimeona mwanafunzi akicheza mchezo mzima na kilemba kilichoshonwa kufuata vazi la mhusika, na hakuna aliyekiona kama tatizo. Sema wiki ya kwanza, usiseme wiki ya mwisho fundi keshakata kitambaa.

Tangawizi, asali, yai bichi: kipi kinalainisha sauti?

Hakuna hata kimoja kinachofika kwenye sauti. Unachomeza kinapita njia ya chakula, na nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Kingezigusa ungepaliwa. Asali inatuliza koo, unajisikia nafuu, basi. Kinachozisaidia ni maji ya kutosha siku nzima, usingizi, na mvuke wa maji ya moto ukivutwa polepole. Ili ujue kwa nini zinahitaji heshima: ukiimba ile nota "la" ambayo vyombo vinalinganishwa nayo, nyuzi hizo zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Fanya hesabu ya wimbo wa dakika tatu.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali ukaonwe koo. Usije kwangu.

Sauti yangu mbaya / nimenenepa / nina miaka 27.

Njoo. Njoo. Njoo. Mchezo unahitaji bibi, tajiri, mlevi, na shehe. Wote wakiwa wembamba wenye sauti nyororo, nani atakuwa tajiri?

Nitapata kazi?

Kazi ya kuigiza thieta ya muziki kila usiku kwa mshahara, kama Broadway au London, hapa nchini haipo. Nisikufiche. Kilichopo ni kazi nyingi ndogo ambazo fani hii inakuingiza mlangoni: tamthilia za televisheni, sauti za matangazo ya redio, kushereheshea, kuongoza kwaya, vipindi vya hoteli za ufukweni, michezo ya uhamasishaji ya mashirika kuhusu afya na mazingira. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeipa sanaa nafasi shuleni, na shule zinatafuta mwalimu wa Kiswahili au Historia anayeweza pia kusimamisha mchezo wa watoto mia mbili bila kuita polisi. Mimi nilipata kazi yangu hivyo, kwa fani kuu, lakini aliyeniita kwenye usaili aliniuliza dakika ishirini juu ya ile ya pili.

Wanasheria waliopita kwangu husema jambo moja: mahakamani wanajua lini wavute pumzi.

Mimi ni wa Tanga. Nina kitu cha kuleta?

Mtu wa Tanga anauliza hivyo! Mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, mji uliomlea kisanaa mwimbaji Shakila, aliyeweza kukuambia kakukasirikia bila kupandisha sauti. Wasambaa wa milimani wana ngoma ya mdumange, Wazigua wana selo. Na Shaaban Robert alizaliwa hapo Vibambani mwaka 1909, kama unatafuta maneno ya kutilia muziki. Waja leo waondoka leo, lakini usije Bagamoyo ukaviacha vyote hivyo nyumbani.

Naweza kuja kuangalia mazoezi yenu?

Jumanne na Alhamisi, jua likishapoa, hadi adhana ya Magharibi. Njoo na maji, na kanga au shuka ya kujifunga kiunoni, na usile sana kabla. Njoo pia na wimbo mmoja unaoujua mpaka mwisho, wa lugha yoyote. Ukiwa taarab, anza pale penye maneno.